Ven-TE-si-mo: silabi na mkazo katika nambari za mpangilio za Kiitalia

Mtu aliyekua na Kiswahili akianza kujifunza Kiitalia hujiona kapata lugha ya mteremko. Karibu kila neno linaishia na irabu, herufi nyingi husomwa kama zilivyoandikwa, na hakuna yale mambo ya Kiingereza ya kuandika hivi na kutamka vile. Pane, vino, mano, amico: unasoma tu. Kisha anafika kwenye nambari za mpangilio, yaani primo, secondo, terzo na wenzake, na mteremko unaishia hapo. Atasema set-TI-mo, de-CI-mo, ven-te-SI-mo, na kila mara Mwitalia atatulia kidogo kabla ya kuelewa.

Makosa hayo yanatokana na kufuata kwa uaminifu sheria za lugha ya mama. Maneno haya machache yamekusanya karibu kila kitu ambacho Kiitalia kinakifanya tofauti na sisi: silabi zinazofungwa kwa konsonanti, konsonanti zinazovutwa, mkazo usiokaa mahali pamoja. Kwa maoni yangu ni mlango mzuri zaidi wa kuingilia matamshi ya lugha nzima kuliko zile orodha za salamu zinazojaza vitabu vya watalii. Katika maelezo yanayofuata nitaweka kistari mahali silabi zinapoachana, na herufi kubwa kwenye silabi yenye mkazo.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili tu ya pekee kwa kazi hii, kwanza na pili. Kuanzia hapo tunachukua nambari ya kawaida na kuitanguliza na -a unganifu: wa tatu, ya nne, cha tano. Kiitalia kina kumi ya pekee: primo, secondo, terzo, quarto, quinto, sesto, settimo, ottavo, nono, decimo. Yote yametoka Kilatini bila kubadilika sana: primus, secundus, tertius, quartus, quintus, sextus, septimus, octavus, nonus, decimus. Anayefanya kazi kwenye jiko la hoteli Malindi au Watamu huenda anayajua mawili ya kwanza kama majina ya vyakula, kwa kuwa kwenye menyu ya Kiitalia primo ni sahani ya tambi au wali na secondo ni nyama au samaki.

Kuanzia kumi na moja, kazi inakuwa ya kiwandani. Unachukua nambari ya kawaida, unakata irabu ya mwisho, unabandika -esimo. Undici inazaa undicesimo, venti inazaa ventesimo, cento inazaa centesimo, mille inazaa millesimo. Nambari iwe ndefu vipi, kiambishi tamati ni hicho hicho. Irabu ya mwisho hubadilika kufuata jinsia na idadi ya nomino (primo, prima, primi, prime), lakini mabadiliko hayo hayagusi mkazo wala mikato ya silabi, kwa hiyo tunaweza kuyaacha kando.

Kipimo kimoja, majibu mawili

Sheria ya kukata silabi inayofundishwa katika shule za Italia ni kipimo chepesi. Ukikuta konsonanti mbili tofauti katikati ya neno, jiulize kama kuna neno la Kiitalia linaloanza na konsonanti hizo mbili. Likiwapo, zote mbili zinakwenda na irabu inayofuata. Lisipokuwapo, ya kwanza inabaki nyuma na ya pili inakwenda mbele.

Chukua secondo. Katikati kuna nd. Hakuna neno la Kiitalia linaloanza na nd, basi n inabaki nyuma: se-CON-do. Sasa kipeleke kipimo hicho hicho kwenye neno letu kitanda. Je, kuna maneno ya Kiswahili yanayoanza na nd? Ndege, ndizi, ndugu, ndoa, ndoto, yako tele. Basi nd yote inakwenda mbele: ki-TA-nda. Swali ni moja ila kila lugha imelijibu kwa kamusi yake, na ndiyo sababu Mswahili akisoma secondo atalikata se-ko-ndo bila kuhisi kwamba amekosea.

Sikio la Mwitalia linahisi. Ukisema se-ko-ndo, irabu o inakaa kwenye silabi wazi, unairefusha, kisha n inapita upesi imeshikana na d. Mwitalia anaifupisha o, anakaa juu ya n kidogo, ndipo anaachia d. Tofauti ni ndogo, lakini inakufuata kila mahali: QUIN-to, un-di-CE-si-mo, ven-TE-si-mo, tren-TE-si-mo, qua-ran-TE-si-mo, cin-quan-TE-si-mo, cen-TE-si-mo. Karibu kila nambari kubwa ina n inayofunga silabi mahali fulani.

R nayo ina mambo yake. Terzo hukatwa TER-zo, quarto hukatwa QUAR-to, kwa kuwa hakuna neno la Kiitalia linaloanza na rz wala rt. Mdomo wetu haupendi r iliyofungiwa hivyo, na ushahidi uko kwenye nambari zetu wenyewe: arbaini tuliyoipokea kutoka Kiarabu wengi wetu tunaiita arobaini, na ishirini ilikuja bila ile i ya katikati. Tulichomeka irabu ili silabi ipumue. Mtu mwenye mazoea hayo hashindwi kusema "tereso" akidhani amesema terzo. Hata hivyo silabi funge si ngeni kwetu kabisa. Tunasema lab-da, daf-ta-ri na mak-ta-ba kila siku, bila kuongeza kitu. Anayeweza kusema labda bila kusema "labuda" ana kila kinachohitajika kwa ajili ya terzo.

Sesto ndilo neno la kikundi hiki ambalo limewagawa hata Waitalia. Kwa kipimo cha shule, jibu ni SE-sto, kwa sababu maneno yanayoanza na st yapo mengi: stella, strada, stadio. Hivyo ndivyo linavyokatwa mwishoni mwa mstari kitabuni au gazetini, na sisi tusingeona tatizo, maana tuna stahili, starehe na stima. Lakini wataalamu wa fonolojia wanasema kinywani neno hilo ni SES-to, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni urefu wa irabu. Katika Kiitalia, irabu yenye mkazo iliyo katika silabi wazi ya pili kutoka mwisho hurefuka: primo hutamkwa karibu na "priimo", nono karibu na "noono". Kama sesto lingekuwa kweli na silabi wazi, e yake ingerefuka pia. Hairefuki. Ni fupi kama ile ya terzo, dalili kwamba s imeifunga.

Hoja ya pili iko kwenye kibainishi kinachotangulia nomino. Waitalia husema il sole, jua, lakini husema lo stadio, uwanja wa michezo. Mbele ya s inayofuatwa na konsonanti nyingine, il haikubaliki, inatakiwa lo yenye irabu mwishoni. Ile s inatafuta irabu ya kuegemea upande wa kushoto, na lo inampa. Sesto lenyewe linaanza na s inayofuatwa na irabu, kwa hiyo ni il sesto bila shida yoyote. Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi ashike yote mawili: kwenye mtihani aandike se-sto, mdomoni aseme ses-to, na asimruhusu mtu amwambie kwamba moja kati ya hayo ni ujinga.

Konsonanti zinazovutwa

Konsonanti mbili zinazofanana hazina mjadala: moja kushoto, moja kulia. SET-ti-mo, ot-TA-vo, mil-LE-si-mo, ses-san-TE-si-mo. Kugumu ni kuzitamka. Katika settimo ulimi unapanda kufunga t, unabaki pale juu kitambo kifupi cha kimya, kisha unaachia. Mswahili asiyezoea anatamka t moja, na kwa kuwa silabi imebaki wazi anairefusha e bila kujua.

Kwa settimo na ottavo kosa hilo haliharibu maana. Kwa nono linaharibu. Il nono ni wa tisa. Il nonno ni babu. Irabu ni ile ile katika maneno yote mawili, o pana ya kufungua kinywa, na mkazo uko mahali pale pale. Kinachotofautisha ni mgawo wa muda tu. Katika NO-no irabu ni ndefu na n ni fupi. Katika NON-no irabu ni fupi na n ni ndefu. Ukimwambia mwenyeji wako kwamba chumba chako kiko al nonno piano, umempandisha babu ghorofani.

Hapa Kiswahili kinatusaidia, na vitabu vya Kiitalia vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza haviwezi kukuambia hili. Nambari yetu nne ina silabi mbili, N-ne, na ile n ya kwanza inasimama peke yake, ina mapigo yake, hata mkazo inaubeba. Sema nne polepole na usikilize jinsi ulimi unavyokaa mahali pamoja kupita kwenye n zote mbili bila kunyanyuka. Huo mkao ndio nonno inaoutaka. Ndio pia unaotakiwa katika di-cian-no-VE-si-mo, wa kumi na tisa. Kwa t na s hatuna neno la aina hiyo, lakini aliyeshika n amekwisha kuelewa jambo lenyewe.

Mkazo: hesabu kutoka mwisho

Mkazo wa Kiswahili hauhitaji kufikiriwa. Uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza kiambishi nao unahama: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Isipokuwa maneno machache ya kuhesabika, hakuna cha kukariri. Kiitalia nacho hupenda silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ya namna hiyo huitwa piane, yaani tambarare. Lakini kina pia maneno tronche, yaliyokatwa, yenye mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa, na sdrucciole, yanayoteleza, yenye mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Alama ya mkazo huandikwa kwa lazima pale tu inapoangukia mwisho, kama città au perché. Kwingine kote msomaji anaachiwa ajue mwenyewe, na karaha yote inatokana na hilo.

Katika yale maneno kumi ya mwanzo, manane ni tambarare na yanatufaa: PRI-mo, se-CON-do, TER-zo, QUAR-to, QUIN-to, SES-to, ot-TA-vo, NO-no. Mawili yanateleza: SET-ti-mo na DE-ci-mo. Hayo mawili inabidi uyakariri. Kuanzia undicesimo kwenda juu, maneno yote yanateleza, na hakuna hata moja linalovunja sheria. Mkazo unakaa juu ya e ya -esimo, basi. Kwa hiyo nambari ndefu zinazotisha kwa macho ndizo nyepesi kwa kanuni. Tazama hii ya 444: quat-tro-cen-to-qua-ran-ta-quat-TRE-si-mo. Silabi kumi na moja, na mkazo mkuu unaujua kabla hujaanza kuisoma.

Mtego uko kwenye nambari za kumi na moja hadi kumi na sita, kwa sababu nambari ya kawaida na ile ya mpangilio zina mkazo mahali tofauti. Undici ni UN-di-ci, lakini undicesimo ni un-di-CE-si-mo. Quattordici ni quat-TOR-di-ci, lakini quattordicesimo ni quat-tor-di-CE-si-mo. Mwanafunzi anaposhika vizuri UN-di-ci anaweza kung'ang'ania kuupeleka mkazo huo kwenye undicesimo pia. Aukate moyoni. -Esimo ikiingia, inachukua mkazo wote.

Njia ya kuizoesha masikio ipo kwenye Kiswahili chenyewe. Walimu hupenda kutofautisha barabara ya magari, ba-ra-BA-ra, na barabara yenye maana ya sawasawa kabisa, ba-RA-ba-ra. Hilo la pili lina mdundo ule ule wa ven-TE-si-mo, cen-TE-si-mo, tren-TE-si-mo na mil-LE-si-mo: silabi nne, mkazo kwenye ya pili. Sema "kazi imekwenda barabara, ventesimo" mara kadhaa mfululizo, ukiwa peke yako ikiwa unaona haya, na mdomo utaacha kudai ven-te-SI-mo.

Herufi zinazodanganya

Qu haina ugumu. Ni "kw", na kwa mtu anayesema kwa, kwenda na kwisha siku nzima, quarto na quinto zinajisoma. C mbele ya e na i ni "ch" yetu: decimo ni "dèchimo". Ila usishangae ukiisikia tofauti. Toscana na Roma, c hiyo ikiwa katikati ya irabu mbili hulegezwa ikawa "sh", na decimo linakuwa "dèshimo". Mapadre na masista wa Afrika Mashariki waliosoma Roma mara nyingi hurudi na "sh" hiyo bila wao wenyewe kuitambua. Ni matamshi ya mahali. Mtihani wa lugha unataka "ch".

I ndiyo yenye hila. Katika diciassettesimo, diciottesimo na diciannovesimo, ile i ya pili, inayofuata c, haitamkwi. Kazi yake ni kuiambia c isomwe "ch" mbele ya a au o, kisha inanyamaza. Anayesoma herufi kwa herufi kwa mtindo wetu atasema di-ci-a-sset-te-si-mo na kupata silabi saba. Ziko sita: di-cias-set-TE-si-mo, na masikioni ni kama "di-chas-set-TE-zi-mo". La kumi na nane ni di-ciot-TE-si-mo, silabi tano, karibu na "di-chot-TE-zi-mo".

Z ya terzo si z ya zawadi. Ni "ts", ile ya Tsavo, na watu wa pwani ya Kenya wenye majina kama Tsuma hawana cha kujifunza hapo. Sema TER-tso. Kiitalia kina z nyingine inayosikika "dz", kama ya zero, na maandishi hayatofautishi hizo mbili. Kwa nambari za mpangilio ni "ts" tu unayohitaji.

S ndiyo yenye simulizi refu. Katika matamshi ya kawaida ya redio na shule, s ya -esimo, iliyokaa kati ya irabu mbili, ni ghuna, yaani inasikika kama z yetu: "ventèzimo". Lakini ukishuka kusini, Napoli au Sicilia, watu wengi hutamka s sighuna kila mahali, "ventèsimo" yenye s ya saa. Ukipanda kaskazini, Milano au Torino, s yoyote iliyo kati ya irabu ni z bila kuuliza. Toscana ndiko zinakotenganishwa kwa makini, kiasi kwamba chiese yenye s sighuna ni "aliomba" na chiese yenye s ghuna ni "makanisa". Neno zuri la kujipima ni sessantesimo, wa sitini. Lina s ya mwanzo, sighuna daima. Lina ss, sighuna daima na ya kuvutwa. Na lina s ya -esimo, ghuna. "Ses-san-TE-zi-mo." Ukilimudu hilo kwa mkupuo mmoja, s za Kiitalia zimekwisha.

Kuhusu e pana na e finyu, o pana na o finyu, nitapita haraka. Kiitalia sanifu kina irabu saba ingawa kinaandika tano. E ya terzo, sesto, settimo, decimo na ya -esimo ni pana. O ya secondo ni finyu, ya nono ni pana. Waitalia wengi wa kaskazini na kusini hawafuati mgawanyo huo kama ulivyo kamusini, na hakuna atakayekukosoa. Usipoteze usingizi.

Irabu zinapokutana

Nambari za ishirini na kuendelea zina mapambano yao madogo. Venti ikikutana na uno au otto inapoteza i yake: ventuno, ventotto. Silabi hufuata sauti bila kujali neno limeungwa wapi, kwa hiyo ni ven-tu-NE-si-mo na ven-tot-TE-si-mo. T ya venti inamezwa na irabu ya jirani.

Nambari zinazoishia na tre na sei zinakataa kukatwa irabu. Ventitré, inayoandikwa na alama kwa kuwa mkazo uko mwisho, inazaa ventitreesimo, na alama inaondoka kwa kuwa mkazo haupo tena mwisho. Zile e mbili ni silabi mbili: ven-ti-tre-E-si-mo. Wazungu wengi hujikwaa hapa na kuzifanya e moja ndefu. Sisi tuna m-ze-e na ko-ndo-o, irabu mbili zinazofanana zilizokaa bega kwa bega kila moja na pigo lake, na hii ni sehemu mojawapo ambapo Mswahili anamtangulia mwanafunzi wa Kiingereza kwa mbali. Vivyo hivyo ven-ti-du-E-si-mo: u na e zinaachana, kama katika chu-ku-e. La ishirini na sita ni tofauti kidogo, maana i ya sei ikijikuta katikati ya irabu mbili inageuka kuwa y: ven-ti-se-IE-si-mo, yaani "-se-YE-zi-mo".

Ventiquattresimo linachanganya vipimo viwili. Kuna tt, inayokatwa katikati, na kuna tr, inayoweza kuanza neno, kama katika tre. Jibu ni ven-ti-quat-TRE-si-mo. Elfu mbili nayo ina mshangao wake: kwa kawaida ni duemila, yenye l moja, lakini mpangilio wake ni duemillesimo, kwa sababu unajengwa juu ya mille. Du-e-mil-LE-si-mo.

Mapapa, wafalme na karne

Mwitalia wa kawaida hatumii nambari kubwa za mpangilio mara nyingi. Tarehe husomwa kwa nambari za kawaida isipokuwa ya kwanza: Mei mosi ni il primo maggio, lakini kesho yake ni il due maggio. Mahali zinapoibuka kwa lazima ni kwenye tarakimu za Kirumi. Ukikuta Umberto I lazima useme Umberto primo. Vittorio Emanuele III, mfalme wa Italia kuanzia 1900 hadi 1946, ni Vittorio Emanuele terzo. Karne nazo hivyo: il XX secolo husomwa il ventesimo secolo.

Kwa Wakatoliki wanaosikiliza habari za Vatikani kwa Kiitalia, mapapa ni zoezi tosha. Papa tunayemwita Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa Mei 2025, ni Leone XIV, Le-O-ne quat-tor-di-CE-si-mo. Benedikto wa Kumi na Sita ni Be-ne-DET-to se-di-CE-si-mo. Yohane wa Ishirini na Tatu ni Giovanni ventitreesimo, lenye zile e mbili. Angalia kwamba Kiitalia hakiweki kiunganishi wala kibainishi kati ya jina na nambari. Mahali tunapoweka "wa", wao hawaweki kitu.

Katika maandishi ya zamani na lugha ya kupamba utakutana na mtindo mwingine wa kuhesabu kuanzia kumi na moja: decimoprimo, decimosecondo, decimoterzo, decimoquarto. Luigi XIV wa Ufaransa anaweza kuwa Luigi quattordicesimo au Luigi decimoquarto. Huu mtindo wa pili unaunganisha maneno mawili, na neno la mwisho ndilo linalobeba mkazo mkuu: de-ci-mo-QUAR-to. Kwa hiyo linarudi kuwa tambarare, kama sisi tunavyopenda, lakini ukilitumia dukani watakuangalia kama mtu aliyevaa kanzu ya harusi sokoni.

Wanaohesabu mizani

Wasomaji wanaotunga au kughani mashairi wataona wamekwisha fanya nusu ya kazi hii. Anayejua kwamba utenzi una mizani nane kwa kila kipande na kwamba nne ni mizani mbili, tayari anakata silabi kwa sikio. Washairi wa Kiitalia nao huhesabu. Mstari wao mashuhuri huitwa endecasillabo, wa silabi kumi na moja, na beti zao hupewa majina ya nambari: terzina ni ya mishororo mitatu, quartina ya minne, ottava ya minane. Kwetu ni tathlitha na tarbia, kwa nambari za Kiarabu.

Lakini hesabu yao ina jambo litakalomshangaza mshairi wa Kiswahili. Kwetu mkazo haubadiliki, kwa hiyo mizani ni mizani, unahesabu hadi mwisho. Wao wanaangalia mkazo wa mwisho ulipo. Mstari ni endecasillabo ikiwa mkazo wa mwisho unaangukia silabi ya kumi, halafu, kwa kuwa maneno mengi ni tambarare, inabaki silabi moja nyuma yake na jumla inakuwa kumi na moja. Ukiumalizia mstari kwa secondo au ottavo, hesabu iko sawa. Ukiumalizia kwa ventesimo, baada ya mkazo zinabaki silabi mbili, si na mo, na mstari una kumi na mbili za kuhesabika kwa vidole. Bado unaitwa endecasillabo, ule unaoteleza. Na neno linaloishia na irabu likifuatwa na linaloanza na irabu, irabu hizo mbili huhesabiwa mara nyingi kuwa silabi moja, jambo ambalo malenga wetu angeliita wizi wa mizani.

Limebaki neno moja ambalo halimo kwenye orodha za shule na ambalo atakayeishi na Waitalia atalisikia mapema kuliko quarantesimo. Wanahisabati huiita idadi isiyojulikana n, na herufi hiyo kwa Kiitalia inaitwa enne. Ukiibandika -esimo unapata ennesimo: en-NE-si-mo, yenye n ya kuvutwa, mkazo wa kuteleza, s ghuna. Mama wa Kiitalia akisimama mlangoni kwa mwanawe ambaye hajatandika kitanda, atasema te lo dico per l'ennesima volta. Wa kwetu angesema nimekwambia mara ngapi.